Mtungi wa Mvuke na Benchi la Kulia

Nilikuwa dresa. Neno hilo limekwisha kupotea, lakini katika miaka ile ya hamsini dresa ndiye aliyekuwa zahanati nzima. Ndiye aliyeosha vidonda, ndiye aliyechoma sindano, ndiye aliyeandika daftari, na daktari alipopita mara moja kwa mwezi ndiye aliyempokea mkoba. Zahanati yangu ilikuwa juu ya Msambweni, njia ya kwenda Kikoneni, nyumba ya vyumba viwili yenye baraza mbele. Walitujia wakulima na wakataji miwa wa karibu, walitujia watu wa Bodo waliochanwa na mizizi ya mikoko, na walitujia wafugaji wa nyika kavu ya ndani, ambao wengine walitembea tangu alfajiri mguu ukiwa umefungwa majani.

Kazi kubwa ilikuwa vidonda. Mtu alijikwaa, akapuuza, na baada ya mwezi sehemu ile ilikuwa imeliwa mpaka mfupa unaonekana. Niliviosha kwa maji ya dawa, nikapaka, nikafunga kwa shashi na bendeji. Bendeji hazikutupwa. Zilikuwa chache, kwa hiyo mgonjwa alipofunguliwa, kitambaa chake kiliingia ndooni kikaanza safari yake upya.

Safari hiyo ilikuwa mikononi mwa mama mmoja mjane aliyeajiriwa kufua. Hakujua kusoma. Alifua kwa sabuni, akachemsha ndani ya debe tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akaanika, kisha akapiga pasi ya makaa pande zote mbili mpaka kitambaa kikawa kigumu kama karatasi. Nilimwita Mama, naye aliniita mwanangu, ingawa mbele ya wagonjwa alisema "Bwana Dresa" kwa sauti ya kunitukuza. Alikuwa na desturi ya kuweka kila bendeji shavuni kabla ya kuikunja. Nilipomwuliza kwa nini, alisema mkono wa mfuaji umekufa ganzi, lakini shavu halidanganyi.

Baada ya mvua za vuli alikuja Bwana Afya. Alitoka mjini, kijana kuliko mimi, suruali fupi iliyonyooshwa na soksi mpaka magotini. Katika gari lake kulikuwa na sanduku la mbao, na ndani ya sanduku mtungi mzito unaong'aa, wenye kifuniko cha kukazwa kwa vishikizo, kisaa cha mshale juu yake, na kilango kidogo cha kutolea mvuke. Ulikuja na mkebe wa bati wa kupangia bendeji na jiko la mafuta ya taa la kuuchemshia.

"Huu unaua vijidudu vyote kwa nusu saa," alisema. "Hakuna debe, hakuna pasi. Zahanati tatu zimechaguliwa kuujaribu, na yako ni mojawapo. Ukifaa, zahanati zote za pwani zitapewa."

Alinipa karatasi ya maelekezo, iliyopigwa chapa kwa Kiswahili na karani wa ofisini kwao. Jaza maji. Panga vitambaa mkebeni mpaka ujae. Kaza kifuniko. Funga kilango. Washa jiko. Mshale ukifika alama nyekundu, hesabu nusu saa. Alinipa na daftari jipya. Wagonjwa wangegawanywa mabenchi mawili pale barazani: wa kushoto watafungwa kwa vitambaa vya debe na pasi, wa kulia kwa vitambaa vya mtungi. Kila wiki ningepima vidonda kwa kamba yenye mafundo na kuandika vimepungua kiasi gani.

Alipokuwa akipanda gari alinishika bega. "Ripoti nzuri haimsahau aliyeiandika," alisema. "Kule hospitali kubwa wanatafuta dresa mwenye akili."

Nataka niseme nilichofanya, kwa sababu sikukisema wakati ule. Wagonjwa walitakiwa wagawanywe bila kuchaguliwa, mmoja huku mmoja kule, kwa jinsi wanavyofika. Siku ya kwanza nilifanya hivyo. Siku ya pili niliona benchi la kulia limepata mzee mwenye donda bovu kuliko yote, na moyo ukanidokeza. Nilimwambia yule mzee ahamie kushoto, kwenye kivuli kizuri. Mahali pake nikaweka mtu ambaye kidonda chake kilikuwa kinakaribia kufunga. Wiki iliyofuata nilihamisha wawili wengine. Sikujiona mwongo. Nilijiambia mtungi umeshathibitishwa na wenye elimu huko ulikotoka, nami ninausaidia tu usiaibike.

Miongoni mwa niliowahamisha alikuwa mama mmoja wa Bodo, msukaji mikeka. Jembe lilimkata muundi wa mguu, na kwa majuma mengi alikuwa akija kila Jumatatu na Alhamisi, mumewe akimsindikiza mpaka langoni kisha akimngoja nje kwa haya. Alikuwa mcheshi. Aliwatania wakataji miwa waliogumia wakati wa kuoshwa: "Panga mwaliweza, maji yamewashinda?" Kidonda chake kilikuwa kimebaki kama ukubwa wa punje ya haragwe. Nilipomwita upande wa kulia aliinua vidole viwili kama mtu aliyeshinda kitu.

"Leo nafungwa na mashine!" alisema.

Mama mfuaji hakuupenda mtungi, na mimi nilidhani ni kwa kuwa umemnyang'anya pasi yake. Alifua, akaanika vitambaa juu ya majani ambapo mbuzi walipita, kwani nilimwambia usafi wa mwisho ni kazi ya mvuke. Siku moja, mkebe ulipotoka, alitia mkono mpaka katikati ya vitambaa, akakitoa cha ndani, akakiweka shavuni.

"Mwanangu," alisema, "juu pana moto. Katikati ni vuguvugu, kama uji uliosahauliwa."

"Mshale ulifika, Mama."

"Mshale uko nje."

"Nusu saa imetimia. Nimehesabu mwenyewe."

Akanitazama, akakikunja kitambaa, akakirudisha. "Haya. Wewe ndiwe msomi."

Wakati huo mabibo yalikuwa yameiva. Njia nzima ya Kikoneni ilinukia yale matunda yaliyoangukia chini na kupondeka, harufu tamu inayokaribia kuwa pombe. Asubuhi moja nilimfungua mkataji miwa wa benchi la kulia, nikasikia harufu ile ile ikitoka kwenye bendeji. Usaha ulikuwa wa kijani. Nilimwuliza alikanyaga nini, akasema hakukanyaga kitu. Alhamisi walikuwa wawili. Jumatatu iliyofuata walikuwa wanne, na wote walikuwa wa kulia. Niliandika katika daftari: "Wagonjwa hawaweki miguu safi nyumbani." Nikawaosha, nikawafunga tena, kwa vitambaa kutoka mkebe ule ule.

Benchi la kushoto, pamoja na yule mzee wa donda bovu, lilikuwa likipona polepole kama kawaida yake. Niliona. Siwezi kusema sikuona. Lakini kati ya kuona na kukubali palikuwa na hospitali kubwa, na koti jeupe lenye mifuko miwili nililokwisha kulivaa akilini mwangu.

Yule mama wa Bodo hakutoa usaha. Kidonda chake kilikuwa kikavu, chekundu, kizuri. Nilikuwa nimepanga kumruhusu wiki ile. Alikuja Jumatatu, akakaa mahali pake, nami nikaona hatanii mtu.

"Habari za nyumbani, Mama?"

"Njema." Alisema neno hilo bila kufungua meno. "Bwana Dresa, leo mdomo wangu mzito. Tangu jana. Nadhani nimelalia ubaridi."

Nilipiga magoti nikamwangalia uso. Pembe za midomo zilikuwa zimevutwa nyuma, kama mtu anayetabasamu kwa kulazimishwa. Nilimwomba afungue kinywa. Kidole changu kimoja hakikupita. Nilimgusa shingo, ikawa kama kamba ya ngalawa iliyokazwa.

Nilifundishwa jina la ugonjwa ule darasani, pepopunda, na nilifundishwa kwamba dawa yake haikuwa katika kabati la zahanati kama yangu. Nilitoka langoni nikamwita mumewe. Hakuwahi kuvuka lango lile kabla, na alipoona uso wangu alivuka bila kusema hodi. Nilimsimamisha dereva wa lori la miwa njiani, ampeleke hospitali. Tulimlaza juu ya magunia, mumewe akampakata kichwa. Dereva alipobamiza mlango, mwili wote wa yule mama ulikunjika nyuma kama upinde, visigino tu vikigusa magunia na kisogo mapaja ya mumewe, na macho yake yakiwa wazi yakinitazama. Alikuwa na akili zake zote. Hilo ndilo lisilonitoka.

"Taratibu, ndugu yangu," mumewe alimwambia dereva. "Asisikie kelele."

Lori likaondoka mwendo wa mtu anayetembea.

Alifariki siku ya tatu. Habari ilinifikia kwa mtu wa baiskeli. Wiki iliyofuata mumewe alikuja, akasimama langoni kama desturi yake, nami nikamfuata huko. Alikuwa na kifurushi cha kitambaa. Ndani mlikuwa na bendeji tatu, zimefuliwa na kukunjwa vizuri.

"Alisema hizi ni za serikali," aliniambia. "Alisema zirudi, kuna wengine wanazingoja."

Nilizipokea kwa mikono miwili. Sikumwambia pole. Yeye ndiye aliyeniambia: "Tumshukuru Mungu, Bwana Dresa. Ulijitahidi."

Alipokwisha kwenda niliingia chumba cha nyuma. Mama mfuaji alikuwa ameketi juu ya kibao, mtungi mbele yake, jiko limezimwa. Siku ile hakuwa ameanza kazi.

"Unajua kupika?" aliniuliza.

"Kidogo."

"Yai ukilitia katika maji ya moto kwa nusu saa huwaje?"

"Huwa gumu, Mama."

Alinyoosha kiganja. Alikuwa ameleta yai kutoka kwake. Alilizungushia shashi, akaliweka katikati kabisa ya mkebe, akapanga bendeji juu na pembeni mpaka mkebe ukajaa, kama karatasi ilivyosema. Tukakaza kifuniko, tukafunga kilango, tukawasha. Mshale ulipanda mpaka kwenye alama nyekundu. Nilihesabu nusu saa, nikaongeza dakika kumi za hofu. Barazani wagonjwa walikuwa wakikohoa na kuulizana kwa nini leo dresa hatoki.

Tulipofungua, bendeji za juu zilituunguza vidole. Nilichimba katikati, nikalitoa yai, nikaligonga kwenye ukingo wa sinia jeupe la kufungia vidonda.

Lilimwagika. Kiini kilitulia katikati ya sinia, kizima, cha njano, na ute ukaenea mpaka pembeni.

Mama mfuaji alifunika kinywa kwa ncha ya leso yake. Hakusema kwamba aliniambia. Ningalipenda angalisema.

Siku ile ile nilivichukua vitambaa vyote vya mkebe nikavitia katika debe, nikachochea kuni mwenyewe. Nilifuta mabenchi mawili nikawaweka wote upande mmoja. Kisha nikaandika barua kwa daktari, nikampa dereva wa basi aifikishe mkononi mwake.

Daktari alifika baada ya siku nne pamoja na Bwana Afya. Alikuwa Mzungu mrefu, mkimya, aliyekijua Kiswahili vizuri lakini alikitumia kwa uchache. Nililirudia jaribio la yai mbele yao. Likamwagika tena. Bwana Afya alianza kusema mayai ya siku hizi, na daktari akamwinulia kiganja anyamaze. Alitoa katika mkoba wake kijitabu cha Kiingereza kilichokuja na mtungi, akakilinganisha na karatasi yangu, kidole huku na kidole kule, mstari kwa mstari. Katikati ya ukurasa kidole kimoja kilisimama na kingine kikaendelea peke yake.

"Kilango," alisema mwishowe. "Kiachwe wazi kwanza. Mvuke utoke kwa nguvu, ufukuze hewa yote. Ndipo kifungwe. Hewa ikibaki ndani, mshale unapanda lakini joto halifiki. Na mkebe usishindiliwe." Alikunja karatasi yangu mara nne. "Mistari hii haikuandikwa."

Mambo mawili, ya kilango na ya kushindilia, yalipotea kati ya meza moja na nyingine, kwa karani ambaye pengine siku ile alikuwa na haraka ya kwenda kula. Sikuwahi kumjua. Nimemfikiria mara nyingi kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Nilimwambia daktari na jambo langu mwenyewe, kwa kuwa kama nisingelisema saa ile nisingelisema kabisa. "Bwana Daktari, watu wa benchi la kulia niliwachagua mimi. Niliweka waliokaribia kupona."

Aliinua macho kutoka kwenye kijitabu. "Na yule mama?"

"Na yeye."

Bwana Afya aligeuka akatazama nje. Daktari alilifungua daftari la majaribio, akalipekua mpaka mwisho, akalifunga na kulitia mkobani. "Usilirudie jambo hilo kwa mtu mwingine," alisema. Mpaka leo sijui kama alinihurumia mimi au aliihurumia ofisi yake.

Nilitumwa kwa baiskeli kwenye zahanati mbili nyingine, nimechukua karatasi mpya. Ya kwanza ilikuwa na bahati: jiko lake lilikuwa limeharibika, mtungi ulikuwa bado sandukuni. Ya pili ilikuwa ndani zaidi, nchi ya miiba na ng'ombe. Dresa wa huko, mtu mzima aliyenizidi umri, alinipokea vizuri, akanipa kiti, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka akaleta daftari lake. Alikuwa ameweka alama ya msalaba mdogo kando ya majina ya wagonjwa wawili.

"Taya?" nilimwuliza.

"Taya. Wenyewe walisema ni jini, wakataka kwenda kupunga." Alipitisha kidole juu ya alama. "Nami niliwaacha waamini hivyo. Ilikuwa rahisi kwetu sote."

Tulikaa na daftari lile katikati yetu mpaka jua likahamia miguuni. Hatukuulizana nani atamwambia nani.

Mwaka uliofuata mitungi ilifika katika kila zahanati, na mimi ndiye niliyezunguka kuwafundisha madresa. Ilikuwa mitungi mizuri. Nimeitumia mpaka nilipostaafu, na vidonda vingi vimepona kwa sababu yake. Kusema kinyume ni kuongeza uongo juu ya uongo. Ripoti iliyoileta ilisema majaribio yalifanywa katika zahanati tatu na matokeo ya benchi la kulia yaliridhisha. Ilisomwa mkutanoni, nikapigiwa makofi. Hospitali kubwa waliniita, nikasema mama yangu mzee, siwezi kuhama. Mama yangu alikuwa amekwisha kufa zamani.

Kwa mwezi mzima baada ya makofi yale nilikuwa nikipanga kwenda Bodo na kuahirisha. Siku nilipokwenda ilikuwa baada ya adhuhuri. Nilimkuta yule mume anatengeneza ua wa makuti. Alinikaribisha, akanitandikia mkeka, akamwagiza dada yake alete maji na muhogo. Mkeka ule ulikuwa kazi ya marehemu, niliutambua kwa michirizi yake ya zambarau. Nilikula kidogo kwa adabu. Kisha nikasema.

Nilieleza yote: mtungi, karatasi, kilango, benchi. Nilimwambia mke wake alikuwa amekaa kushoto na mimi ndimi niliyemwita kulia. Alikuwa akisuka ukuti mkononi mwake, na vidole viliendelea kwa muda, kisha vikasimama.

"Ulijua?" aliuliza.

"Sikujua. Lakini niliambiwa."

"Na nani?"

"Na yule mama anayefua."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Adhana ya alasiri ililia kutoka msikitini kwao. Alisimama, akajipangusa magoti, akachukua kopo lake la maji. Hakuniambia twende. Siku zote watu wa pwani humwambia mgeni twende.

Nilikaa pale nikingoja arudi. Dada yake alikuja akachukua sahani, akaniuliza kama nimeshiba. Niliona watu wakitoka msikitini, wawili wawili, wakiagana na kuingia majumbani mwao, mpaka njia ikawa tupu. Yeye hakuwa miongoni mwao, au alipita njia nyingine. Jua lilipokaribia kuchwa dada yake alinijia tena, safari hii bila kuniangalia, akasema kaka yake ameagiza nisicheleweshwe, kwani barabara ya juu si nzuri giza likiingia.

Niliaga. Niliiegemeza baiskeli kiunoni nikaikokota, sikuipanda, mpaka nilipokuwa nimeiacha nyumba ya mwisho ya Bodo.